Kabla Upande Mti, Uliza Tope

Nimeifuta ile vidio. Kwa wale mnaouliza mbona haionekani tena, si kwamba akaunti yangu ilidukuliwa. Ni mimi. Ile nilikuwa nimevaa tishati ya kijani na gambuti za kuazima, nimeshika mche wa mkaratusi kama mtoto anaenda kubatizwa. Iliangaliwa kuliko kitu kingine chochote nimewahi kuweka. Nililipwa elfu kumi na tano na sahani ya pilau. Kwa mtu aliyeacha chuo na anaishi kwa bedsita Zimmerman, hiyo ni karibu kodi ya miezi miwili, na siwezi kudanganya ati nilisita.

Walionilipa siwataji. Wako wengi wa aina yao, na nikitaja mmoja nyinyi mtabishana kuhusu huyo mmoja, na miti itasahaulika.

Ilikuwa Kajiado, kwenye uwanda wa nyasi ambao unautazama mpaka macho yanachoka. Malori mawili ya miche, hema nyeupe, spika kubwa, watu wa ofisi wamevaa miwani ya jua. Tulianza saa tatu asubuhi, na saa nane mchana vumbi la magari lilikuwa lishatulia, hakuna mtu. Kulikuwa na mzee mmoja wa hapo, shuka na fimbo, alisimama kando muda wote bila kusema kitu. Mimi nikaona, huyu ndiye mwisho mzuri wa vidio yangu. Nikamwendea na simu imewashwa: "Mzee, leo tumewaletea msitu!" Akaangalia miche, kisha akaniangalia mimi. "Kijana wangu," akasema, "hapa ni pa nyasi. Babu ya babu yangu alizikuta."

Hicho kipande nilikikata. Hakikuendana na muziki.

Miezi tisa baadaye nilirudi na pikipiki, nikiwa peke yangu, nikidhani nitafanya vidio ya "tazameni ilivyokua". Sikupata hata mche mmoja ukiwa hai. Vijiti vimekauka, na vingine bado viko ndani ya ile karatasi nyeusi ya kitalu, maana kuna watu walikuwa na haraka hata ya kutoa karatasi hawakutoa. Nyasi zilikuwa sawa. Ng'ombe walikuwa wanapita katikati ya vijiti vyetu kana kwamba havipo.

Sasa, jibu la haraka ni kusema miche ilikosa mtu wa kuimwagilia maji. Ni kweli, lakini linanikera, kwa sababu linachukulia kwamba mti ulistahili kuwa pale, tukaukosea huduma tu. Swali lililonikaa ni lingine. Je, kama yule mzee alikuwa sahihi, na si kwa mababu wawili watatu tu, bali kwa maelfu ya miaka? Na kuna njia ya kujua, ama ni yeye anasema na sisi tunasema?

Njia iko. Iko ndani ya tope.

Kuna rafiki yangu tulianza naye jiolojia. Mimi karo ilinitoa mwaka wa pili, yeye akabaki, na saa hii anafanya shahada ya pili. Kazi yake ukiitazama kwa nje ni kuosha matope. Tunamcheka sana kwa sababu hiyo. Siku moja baada ya ile safari ya pikipiki nilimpelekea malalamiko yangu, akaniambia njoo maabara. Akaniweka mbele ya hadubini na kusema, "Angalia hapo, usiguse kitu."

Niliona kitu kama kichwa cha Mickey Mouse. Uso mmoja, masikio mawili. Akaniambia hiyo ni chavua ya podo, na hayo masikio ni vifuko vya hewa vinavyoisaidia kupeperuka na upepo. Kando yake kulikuwa na mpira mdogo laini wenye tundu moja lenye ukingo, kama kitufe. Hiyo ni nyasi. Nikamuuliza imetoka wapi, nikidhani atasema nje ya dirisha. Akasema imetoka kwenye tope la kinamasi, na kina chake kinaipa umri wa miaka karibu elfu nane.

Manze. Elfu nane. Hiyo ni kabla ya piramidi, kabla ya mtu yeyote huku kwetu kuchunga ng'ombe. Na chembe yenyewe bado iko na masikio yake.

Wacha niwaeleze inavyowezekana, maana mimi mwenyewe nilidhani ni uongo. Chavua ni ule unga wa maua, unaojua kama una mzio maana unakupigisha chafya. Mimea mingi huitoa kupita kiasi, mabilioni ya chembe, na karibu zote hazifiki zinakoenda. Zinaanguka tu. Nyingine zinaanguka kwenye ziwa au kinamasi, zinazama, zinafunikwa na tope, na mwaka unaofuata nyingine zinafunika hizo. Ganda la chembe limetengenezwa na kitu kinachoitwa sporopolenini, na kwa vitu ambavyo mmea au mnyama hujitengenezea, hii ni miongoni mwa vigumu zaidi kuoza. Mahali pasipo na hewa ya oksijeni, kama chini ya kinamasi, inadumu mamilioni ya miaka. Ni ngumu kiasi kwamba maabara wanachemsha tope kwa asidi kali, pamoja na asidi ya haidrofloriki ambayo inakula hata kioo. Mchanga unayeyuka, chavua inabaki. Rafiki yangu hufanya hatua hiyo akiwa na glavu, aproni na uso umefunikwa, na hapo hatumcheki.

Tope lenyewe wanalitoa kwa bomba refu linalosukumwa chini, linatoka kama muwa, la juu ni la juzi na la chini ni la kale. Kuna bomba maarufu la kazi hii linaitwa Livingstone. Si yule mmisionari wa kitabu cha historia, ni Daniel Livingstone, mwanasayansi aliyelibuni miaka ya 1950 na akafanya kazi nyingi kwenye maziwa ya Afrika. Wakishalitoa, wanakata vipande, wanapima umri kwa kaboni, ambayo inafika nyuma kama miaka 50,000, halafu wanakaa kwa hadubini na kuhesabu. Chembe mia tatu au zaidi kwa kila kipande. Podo, nyasi, nyasi, nyasi, mzeituni mwitu, nyasi. Siku nzima. Mtu wa kwanza kuonyesha hesabu kama hii hadharani kwa asilimia alikuwa Msweden, Lennart von Post, mwaka 1916. Zaidi ya miaka mia imepita na bado ni macho ya binadamu na kidole kinachobonyeza kihesabio.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni hila moja. Utajuaje zilikuwa ngapi kwa jumla kama unahesabu kidogo tu? Kabla ya kuanza, wanatumbukiza kidonge chenye idadi inayojulikana ya spora za mmea mmoja ambao hawautarajii kwenye tope hilo. Ni kama kumwaga maharagwe mia moja meupe kwenye gunia la maharagwe mekundu, unakoroga vizuri, unachota bakuli moja. Ukipata meupe mawili kwa bakuli, unajua bakuli lako ni sehemu ya hamsini ya gunia. Hesabu ya gunia unaimaliza ukiwa umekaa. Sijui kwa nini hawakutufunza hesabu za darasa la saba hivyo.

Na si miti tu. Kuna spora za kuvu ambazo huota kwenye kinyesi cha wanyama wala majani. Zikiwa nyingi kwenye tope, wanyama walikuwa wengi hapo, wa porini au wa boma. Zikipungua ghafla, kuna jambo. Kuna vipande vya makaa, vinavyosema mahali paliungua. Kuna chavua ya mahindi, ambayo ni kubwa ukilinganisha na nyasi za kawaida, na ukiiona huku kwetu unajua uko kwenye karne hizi za karibuni, kwa sababu mahindi yalitoka Amerika. Kuna mkaratusi. Ukiona chavua ya mkaratusi kwenye tope la Kenya unajua umefika enzi ya mkoloni, kwa sababu ililetwa hapa mwaka 1902 ili kupata kuni za treni. Ule mche niliobeba kama mtoto wa ubatizo ulikuja kulisha injini ya reli. Hakuna aliyeniambia siku ile, na mimi sikuuliza.

Sasa turudi Kajiado. Kule Magadi, kwenye kaunti hiyohiyo, mwaka 2014 walichimba chini ya ziwa karibu mita 200. Kumbukumbu ya miaka karibu milioni moja. Kazi ya chavua iliongozwa na Mkenya, Veronica Muiruri. Kitu kinachoonekana ni kwamba sehemu hiyo imekuwa ikikauka polepole kwa zaidi ya miaka nusu milioni, podo za milimani zinaongezeka na kupungua kadiri mvua inavyoenda, na nyasi zimo kwa wingi. Ukienda upande wa Amboseli, kuna kinamasi kinaitwa Namelok, ambacho Stephen Rucina wa National Museums of Kenya na wenzake wamesoma miaka karibu 3,000 ya tope lake. Hapo pia ni savana: nyasi na migunga zinapokezana na mvua, na alama za binadamu zinaongezeka unavyopanda juu. Ukitaka kurudi nyuma hadi kizunguzungu, mwaka 2023 kikundi cha wanasayansi, Rahab Kinyanjui wa museum yetu akiwemo, walichapisha kwenye jarida la Science ushahidi kutoka Kenya na Uganda kwamba nyasi za joto zilikuwa zimeshaenea sehemu za Afrika Mashariki miaka kama milioni 21 iliyopita. Hao walitumia udongo wa kale na vijiwe vidogo ambavyo nyasi hujitengenezea ndani ya majani, si chavua, lakini ni ndugu wa kazi moja.

Milioni 21. Halafu mimi nikamwambia mzee nimemletea msitu.

Hapa ndipo nataka tubishane kidogo, kwa sababu najua tayari kuna mtu ameanza kuandika "kwa hivyo unapinga upandaji miti." Sipingi. Serikali ilitangaza Desemba 2022 kwamba tutapanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti, mnakumbuka, nusu yenu mlilala. Katiba yenyewe, kifungu cha 69, inataka angalau asilimia kumi ya nchi iwe na miti. Sina shida na hayo. Shida yangu ni namba. Ukishampa mtu namba bilioni 15, atatafuta mahali peupe pa kuiweka haraka, na mahali peupe kwa macho ya mtu wa ofisini ni pale penye nyasi. Uwanda unaonekana kama kiwanja kisichojengwa. Mtu anasimama pale anasema "msitu ulikatwa hapa" bila kuonyesha kisiki hata kimoja, wala chembe moja ya chavua.

Lakini kuna mahali ambapo tope linasema msitu, na linasema kwa sauti. Pandeni Mlima Kenya. Kuna kinamasi kinaitwa Rumuiku, upande wa kusini mashariki mwa mlima, ambacho Rucina, Muiruri, Kinyanjui na wenzao walikisoma zaidi ya miaka 26,000. Misitu ya huko juu imekuja na kwenda na kurudi: podo, mtarakwa, hagenia, mzeituni mwitu. Mahali kama hapo mti ukikatwa, tope linakupa hadi orodha ya waliokuwepo. Huhitaji kukisia. Lakini nenda uone kinachopandwa sehemu nyingi za nyanda za juu: mikaratusi, saipresi na misonobari, iliyojipanga kama wanajeshi kwenye gwaride. Hizo ni mbao, ni biashara halali, hakuna mtu amekataa. Hata shosho yangu ana blugamu nyuma ya nyumba na ndizo zililipa karo yangu ya sekondari, kwa hivyo siwezi kuzitukana. Lakini tusiziite msitu umerudi.

Na jinsi tulivyoujua mlima huo ni hadithi tamu kidogo. Miaka ya 1960, mwanasayansi wa Afrika Kusini, Coetzee, alichukua tope la Sacred Lake, ziwa dogo lililo ndani ya msitu kaskazini mashariki mwa mlima. Leo ukisimama pale umezungukwa na miti mikubwa. Tope la chini, la enzi ya barafu miaka kama elfu ishirini iliyopita, lilikuwa na chavua ya vichaka vidogo vya baridi na nyasi, vitu ambavyo leo unavikuta juu kabisa mlimani. Mpaka wa msitu ulikuwa umeshuka karibu mita 1,000. Ilikuwa kama mlima umevua sweta.

Coetzee aliona ni baridi, na baridi kweli ilikuwepo. Baadaye wengine wakarudi kwenye tope la ziwa hilohilo na kuuliza jambo lingine: je, kama miti haikuwa inasikia baridi peke yake, bali ilikuwa na njaa? Enzi ya barafu, kaboni dayoksaidi hewani ilikuwa chini sana, kama sehemu 190 kwa kila milioni. Miti inahitaji hiyo hewa kujenga mwili. Nyasi za joto zina ujanja wao wa kuibana, zinaishi na kidogo. Kwa hivyo nyasi zilikuwa zinashinda mechi ambayo refa alikuwa upande wao. Leo tumevuka sehemu 420, na refa amehamia upande wa vichaka. Ndiyo sababu wachungaji sehemu nyingi wanalalamika kwamba vichaka vinameza malisho hata pale hakuna mtu amepanda kitu. Kwenda kuongeza mikaratusi juu ya hiyo ni kumsukuma mtu aliye ukingoni mwa shimo.

Nasema hivi pia ili msidhani tope ni Biblia. Linadanganya, ama niseme linapendelea. Podo ina yale masikio, inapeperuka mbali sana, kwa hivyo inaonekana nyingi kuliko ilivyokuwa. Mgunga unategemea wadudu na chavua yake ni mizigo mizito iliyoshikana, haiendi mbali, kwa hivyo unaweza kuwa na migunga kila upande na tope likataja michache tu. Nyasi nazo, chavua zake zinafanana kama matatu za route moja, huwezi kujua kwa urahisi hii ni mtama na hii ni nyasi ya punda. Rafiki yangu akiona mtu anasema "chavua imethibitisha" anakunja uso. Wao huweka chavua pamoja na makaa, spora, mwani, na kemia ya tope, halafu ndipo wanasema kitu. Wale wa enzi moja wanasaidiana kama mashahidi mahakamani.

Sasa kuna wale wa upande wa pili, na hao nawaogopa zaidi kuliko wapanda mikaratusi. Ni wale wanasema: si umeona, hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu zamani, Sahara ilikuwa kijani, Turkana ilikuwa ziwa kubwa, kwa hivyo haya makelele ya tabianchi ni ya wazungu. Ni kweli Sahara ilikuwa na nyasi na mito. Ni kweli kati ya miaka kama 15,000 na 5,000 iliyopita mvua ilikuwa nyingi sana huku, na Ziwa Turkana lilijaa mita nyingi juu ya leo. Lakini soma ukurasa wote. Tope la Naivasha, lililochapishwa mwaka 2000, linaonyesha miaka 1,100. Hapo msingi ulikuwa tabaka za tope, mwani na vichwa vya usubi, chavua ikasomwa baadaye. Ndani yake kuna vipindi virefu vya ukame: 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, 1760 hadi 1840. Hiyo ya mwisho ni miaka themanini. Waandishi walipolinganisha na masimulizi ya wazee wa eneo hili kuhusu njaa na kuhama, tarehe zikaelekeana. Watu walikufa. Watu walihama, wakati ambapo kulikuwa na mahali pa kuhamia.

Kwa hivyo ukiniambia "imewahi kutokea", mimi nasikia "inaweza kutokea", na mara hii tukiwa zaidi ya milioni hamsini, na ardhi imegawanywa na kuwekwa ua na hati. Nchi hii ina tabia ya ukame wa miaka themanini ndani yake, na juu ya hiyo tabia sisi tunaongeza joto. Ukijua hivyo, mti unaochagua kupanda unabadilika. Utataka ule ambao jamii yake ilishapita kwenye ukame kama huo na bado ipo, mtarakwa au mzeituni mwitu pale pa milima, mgunga pale chini kama ni lazima mti. Na mahali pa nyasi utaacha nyasi, maana nazo zinaweka kaboni ardhini kwenye mizizi, zinashika udongo, na zinalisha ng'ombe wa mtu.

Mtu ataniambia hatuwezi kuchimba tope kila mahali kabla ya kupanda mche. Hakuna amesema hivyo. Kumbukumbu nyingi zishachimbwa, zimekaa kwenye majarida na kwenye kabati, hapo Museum Hill ambapo mnapita na mathree mkienda Westi. Zilitoka kwa tope letu na nyingi zimesomwa na Wakenya. Ofisa wa kaunti anaweza kupiga simu. Na mahali ambapo hakuna tope lililosomwa, kuna wazee. Yule mzee wangu wa Kajiado aliniambia bure kile rafiki yangu anatumia miaka mitatu na asidi ya kula kioo kuthibitisha.

Tena hatuna haja ya kujifanya hii ni hatari ya kufikirika. Waulizeni watu wa Baringo kuhusu mathenge. Ililetwa huko mapema miaka ya 1980 kwa nia nzuri kabisa: kuzuia jangwa, kupata kuni, kivuli. Ilikua, tena kwa sifa zote. Ikameza malisho, ikaziba njia za maji, ganda lake tamu likawaharibu mbuzi meno mpaka wakaaji wakaenda mahakamani na mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Ule mti ulifanya kila kitu ulichoombwa. Kosa lilikuwa kwa aliyeomba.

Nilisema nimefuta ile vidio. Ukweli ni kwamba nilichelewa, maana watu wengine walikuwa wameshaipakua, na bado naiona ikizunguka kwa WhatsApp na ule muziki. Kile kipande cha mzee bado ninacho kwa simu ya zamani, sekunde kumi na moja. Nilimtumia rafiki yangu. Akakitazama, akauliza ni wapi haswa, na kama kuna kinamasi karibu.

Wale walionilipa nao nimewaandikia. Niliwaeleza mambo ya Magadi na Namelok kwa lugha ya adabu kuliko hii, nikawaambia kama wanataka siku nyingine ya miti niko tayari kuja bila malipo, bora tukae upande wa mlima na tubebe miche ya podo na mtarakwa. Wamesoma. Tiki mbili za buluu, wiki ya tatu sasa. Jana nimeona bango lao jipya: mvua ikianza wanarudi Kajiado, na wanatafuta mtu wa kupiga vidio.

Kama ni wewe umepigiwa simu, kabla ukubali tafuta yule mzee. Anakaa upande wa kushoto wa barabara, ukishapita lambo.